GT35 kwenye Forester ya cc 2000: hesabu ya hewa kabla ya kulipa

SWALI

Habari za kazi, mafundi wa safu.

Nina Subaru Forester XT ya 2004, ile SG5, injini EJ205 ya cc 2000, gia za mkono. Turbo ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, TD04. Gari nalitumia kila siku kati ya Sakina na Tengeru, Jumamosi nyingi nashuka nalo Moshi, na mara mojamoja napandisha nalo barabara ya Namanga mpaka Oldonyo Sambu. Shida yangu ni kwamba likishafika mizunguko 5,500 kwa dakika linachoka. Unakanyaga mafuta, kelele zinaongezeka, mwendo hauongezeki.

Kuna jamaa Dar ana turbo ya GT35, hauzingi (ganda la upande wa moshi) ya .82, iliyotolewa kwenye Supra yenye injini ya 2JZ. Ananiambia inaingia injini yoyote kuanzia lita 2.0 na kwamba nitapata farasi 400. Nimeshamlipa nusu, nusu nyingine nimeahidi mwisho wa mwezi. Fundi wangu yuko tayari kuchomelea flanji na bomba jipya, yaliyobaki tutayaona mbele ya safari. Rafiki yangu mwenye Mark II ya 1JZ anasema nikiifunga nitajuta, ila akiulizwa sababu anasema tu ni kubwa mno.

Naomba mnisaidie. Kubwa mno maana yake nini, inapimwaje? Turbo gani inafaa cc 2000? Na je, ni kweli kwamba huku kwetu milimani turbo inafanya kazi tofauti na Dar? Bajeti yangu yote, pamoja na hiyo nusu niliyolipa, haizidi milioni nne.

Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU

Ndugu yetu wa Sakina, usimalizie hiyo nusu iliyobaki. Rafiki yako yuko sahihi, na sababu inayomshinda kuieleza inahesabika kwa kikokotoo cha simu. Tuifanye hesabu pamoja, maana ukishaijua hakuna muuzaji wa turbo atakayekuyumbisha tena, hata siku utakapobadilisha gari.

Nguvu ya injini inatokana na uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda kwa dakika. Petroli haina shida, ukiweka nozeli kubwa unaipata. Hewa ndiyo yenye mpaka. Injini ya petroli yenye turbo, ikiwa imepangwa vizuri, inatoa takriban farasi 22 kwa kila kilo ya hewa inayoimeza kwa dakika moja. Kwa hiyo farasi 400 ni sawa na kilo 18.2 za hewa kila dakika. Linabaki swali moja tu: injini yako inaweza kumeza kilo 18.2?

EJ205 ina cc 1,994. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Kwenye 6,500, basi, ni lita 1.994 mara 3,250, unapata lita 6,480 kwa dakika. Silinda hazijai kabisa, kwa hiyo chukua asilimia 90: zinabaki lita 5,830, sawa na mita za ujazo 5.83. Ujazo huo ndio wako. Turbo yoyote utakayofunga, iwe ndogo au kubwa, haiwezi kuuongeza. Inachoweza ni kuifanya hewa iliyomo ndani ya ujazo huo iwe nzito zaidi, na hapo ndipo milima inapoingia kwenye hesabu.

Pwani, presha ya hewa ya kawaida ni bar 1.01. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na presha ni kama 0.86. Moshi iko chini yetu, inapata kama 0.91. Geji ya busti, yaani presha inayoongezwa na turbo, huanza kuhesabu kutoka presha ya mahali ulipo. Ikisoma 1.0 ukiwa Sakina, ndani ya manifoldi, pale hewa inapogawiwa silinda, kuna bar 1.86. Geji hiyohiyo ikisoma 1.0 ukiwa Dar, ndani kuna 2.01. Watu wawili wanaweza kubishana kwamba wote wanaendesha busti ya bar moja, na kumbe injini zao zinakula hewa tofauti.

Hewa ya bar 1.86, ikitoka kwenye intakula, yaani kipozea hewa ya turbo, na joto la nyuzi 50, ina uzito wa kilo 2.0 hivi kwa mita ya ujazo. Zidisha kwa 5.83 upate kilo 11.7 kwa dakika. Zidisha kwa 22: farasi 257. Hizo zinapimwa kwenye kranki, si kwenye magurudumu, na ndizo Forester yako inazoweza kutoa Arusha kwa busti ya bar moja, kama turbo haikati pumzi.

Sasa geuza hesabu, uianze kutoka kwa ahadi ya muuzaji. Unataka kilo 18.2. Hata tukikubali uizungushe injini mpaka 7,000, presha ndani ya manifoldi lazima ifike bar 2.69. Toa 0.86 ya Arusha: geji yako isome 1.83. Na hapo umefika farasi 400 tu, ambazo kwa turbo hiyo ndiyo ngazi ya kuanzia. Garrett, wanaoitengeneza, wanaitaja kwa farasi 400 hadi 675. Pistoni za kiwandani za EJ205 ni za kumiminwa kwenye kalibu, si za kufuliwa kwa kugandamizwa, ambazo ni imara zaidi. Kwa busti ya 1.83 na petroli ya kituoni, mchanganyiko utawaka wenyewe kabla ya wakati wake, na pigo hilo linapasua ukingo wa pistoni pale katikati ya ringi ya kwanza na ya pili. Utaanza kuona moshi wa bluu, kompresheni ya silinda moja itashuka, kisha ni ovahoo.

Turbo yenyewe haina ubaya. Ipeleke ilikotoka, kwenye 2JZ ya cc 2,997. Kilo zilezile 18.2, kwenye mizunguko 6,500, zinapatikana kwa busti ya 1.06 hapa Arusha na 0.91 Dar. Kwenye 1JZ ya rafiki yako, cc 2,492, inabidi apande hadi 1.45. Wewe 1.83, na mizunguko 500 zaidi yake. Hiyo ndiyo maana ya "kubwa mno" uliyoiuliza: turbo inakuwa kubwa mno pale injini yako isipoweza kufikia hata sehemu yake ya chini ya kazi bila kuvuka presha ambayo pistoni na petroli vinaistahimili.

Muuzaji akikuambia "kuanzia lita 2.0", kumbuka zipo injini za lita 2.0 zenye pistoni na konrodi za kufuliwa, kamshafti nyingine na mafuta ya mashindano, zinazozunguka mpaka 8,500. Hizo zinaitumia. Yako haimo humo.

Kuna na hasara ya chini, ambayo ungeiona kila siku kabla hata ya pistoni kuumia. Gurudumu la turbaini la GT35 ni zito na hauzingi ya .82 ina njia pana. Kwenye mizunguko 3,000 injini ya cc 2000 huku mwinukoni inapitisha kama kilo 2.5 tu za hewa kwa dakika kabla busti haijaanza, na moshi wake hautoshi kulisukuma gurudumu hilo kwa kasi. Tarajia busti kamili ije kwenye 4,500 au karibu na 5,000. Ukipandisha gia kutoka 6,500, gia boksi ya gia tano inakurudisha 4,500 hivi, yaani kila ukibadilisha gia unaanguka nje ya busti. Njia yako ya Sakina mpaka Tengeru ina matuta, vivuko, daladala na tochi za trafiki. Humo mizunguko yako ni 2,000 hadi 3,500. Ungekuwa unaendesha Forester iliyo nyonge kuliko ilivyotoka kiwandani.

Sasa kwa nini gari linachoka kwenye 5,500. Kila kompresa, yaani upande wa turbo unaosukuma hewa, ina chati yake, na chati hiyo ina mistari miwili ya kuogopa. Kushoto ni pale hewa inapokuwa kidogo kuliko presha inayotakiwa: hewa inarudi nyuma, unasikia mlio wa kupapatika kwenye filta, na pigo hilo la kwenda na kurudi linakula beringi inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma. Kulia ni pale kompresa inapokosa pumzi: unaizungusha zaidi, hewa haiongezeki, joto ndilo linaloongezeka. GT35 kwenye injini yako ingekuwa inapapasa upande wa kushoto. TD04 yako imegonga upande wa kulia.

Kusoma chati unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni uwiano wa presha: presha inayotoka kwenye kompresa gawanya kwa inayoingia. Watu wengi husahau kwamba filta inakula kidogo na intakula nayo inakula. Kwa busti ya 1.0 hapa Arusha, inayoingia ni 0.84, inayotoka ni 1.93, uwiano 2.3. Dar busti hiyohiyo ni 0.99 kwa 2.08, uwiano 2.1. Unaona kwamba huku kwetu turbo inafanya kazi ngumu zaidi kwa somo lilelile la geji, ndiyo maana inachoka mapema zaidi. Namba ya pili ni hewa, na hapa kuna marekebisho: chati zimechorwa kwa hewa nzito kuliko yetu, kwa hiyo kilo 11.7 za Arusha zinasomeka kama kilo 13.3 kwenye chati. TD04 inaishiwa karibu na kilo 12. Hapo una jibu la 5,500 yako.

Kompresa ikiwa katikati ya chati, ufanisi wake ni asilimia 72 hivi, na kwa uwiano wa 2.3 hewa ya nyuzi 25 inatoka ikiwa na nyuzi 135. Ikiwa pembeni, ufanisi ukishuka hadi asilimia 62, inatoka na nyuzi 153 au zaidi. Intakula ya Forester imelala juu ya injini na ni ndogo. Joto lile la ziada haliwezi kulimaliza lote. Hewa ya moto ni nyepesi na inaleta kugonga, ule mwako wa kabla ya wakati tuliousema, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inarudisha taimingi, yaani wakati wa cheche, nyuma kujilinda, na wewe unaona gari linanguruma bila kwenda.

Lakini kabla hujanunua chochote, hakikisha kweli ni turbo. Gari la miaka ishirini lina mpira uliopasuka mahali fulani. Ziba mdomo wa filta, ingiza hewa ya bar 0.7 kwa kompresa ya gereji, na upake maji ya sabuni kwenye maungio yote ya intakula, hasa bomba la plastiki linalogawanyika mara mbili na mpira unaoingia kwenye throto. Uvujaji baada ya senza ya hewa unachanganya pia hesabu ya petroli. Halafu pima kompresheni, injini ikiwa ya moto, throto imefunguliwa yote. Kiwango cha kiwandani ni bar 10 hadi 12 pwani. Arusha tegemea pungufu kwa kama asilimia 15, kwa hiyo usishtuke ukiona 9. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda: ikizidi asilimia 10, pesa yako iende kwenye injini kwanza. Turbo mpya kwenye injini iliyochoka inaharakisha tu mazishi yake.

Injini ikifaulu, lengo la kweli kwa cc 2000 yenye pistoni za kiwandani, petroli ya kituoni na mwinuko huu ni farasi 270 hadi 280. Kwa busti ya 1.15 Arusha, presha kamili ni 2.01, ileile anayoipata mtu wa Dar kwa bar moja. Hewa ni kilo 12.6, farasi 277. Uwiano wa presha 2.48, na kwenye chati unasoma kilo 14.3. Unatafuta kompresa ambayo nukta hiyo inaangukia ndani yake na kubakiza nafasi kidogo kulia. Zipo mbili zinazopatikana bila kuhangaika sana: familia ya IHI VF yenye njia moja ya moshi, yaani VF30, VF34, VF35 au VF39, na TD05-16G iliyotengenezewa flanji ya Subaru. Kati ya hizo sisi tungechukua VF. Inakaa kwenye flanji yako ya tundu tatu, mabomba ya oili na maji yanakubali kwa marekebisho madogo, na hakuna wa kuchomelea chochote. Busti kamili itakuja 3,200 hadi 3,600, mizunguko mia chache tu nyuma ya TD04, na utavuta mpaka 6,500.

Mtego mkubwa uko hapa. VF36 na VF37 zinafanana kwa macho, na zinauzwa sana kwa sababu zilikuja na STI za Japani. Hizo ni za njia mbili za moshi. Manifoldi yake ya moshi, bomba la kupanda kwenda kwenye turbo na hata sampu ya oili ni tofauti na vyako. Chungulia mdomo wa turbaini: ukiona ukuta katikati unaogawa tundu mara mbili, iache.

Turbo ya mtumba usiinunue kwa picha. Shika ncha ya shafti upande wa kompresa kwa vidole viwili. Isukume mbele na nyuma kufuata urefu wake: hutakiwi kuhisi mchezo wowote. Kisha ichezeshe kushoto na kulia. Kwenye turbo ya bushi utahisi mchezo kidogo, na huo ni wa kawaida ikiwa ni kavu, mradi gurudumu lisiguse ukuta hata ukilisukuma upande huku ukilizungusha. Pitisha ukucha kwenye kingo za mapanga ya kompresa. Kingo zilizolika na kuwa butu, zenye vimeno vidogo, zimekula vumbi. Angalia upande wa turbaini kama kuna masizi yaliyoloa oili, na mulika kwa tochi kwenye hauzingi kutafuta ufa karibu na tundu la wesigeti, vali inayopitisha moshi pembeni ya turbaini busti ikitosha. Nyufa ndogondogo pale ni za kawaida kwa turbo iliyofanya kazi. Ufa unaofika ukuta wa nje si wa kawaida.

Kwa nusu uliyolipa, zungumza na huyo jamaa ubadilishane, maana anayeuza GT35 mara nyingi anamjua mwenye VF. Akikataa, itafutie mwenye 2JZ. Haitakosa mtu.

Turbo peke yake haitoshi, na hapa ndipo bajeti yako inatakiwa kugawanywa vizuri. Petroli: kilo 12.6 za hewa kwa mchanganyiko wa 11.3 kwa moja zinadai lita 1.5 za petroli kwa dakika. Gawanya kwa nozeli nne, na nozeli isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake: kila moja lazima iwe na uwezo wa cc 441 kwa dakika. Ukifunga za 440 uko ukingoni kabisa. Weka za 550. Pampu ya kiwandani iliyozeeka itaishiwa pale juu, kwa sababu inasukuma dhidi ya bar 3 pamoja na busti yako. Ya lita 255 kwa saa inatosha na inabakiza. Badilisha filta ya petroli siku hiyohiyo. Plagi, shuka ngazi moja ya joto kutoka za kiwandani, namba 7 za NGK badala ya 6, na mwanya wa milimita 0.7.

Bomba la kushuka la milimita 76 linasaidia turbo kuamka mapema, lakini lina tabia moja: moshi ukitoka kwa urahisi, tundu dogo la wesigeti linaweza kushindwa kuushika na busti ikapanda yenyewe ukikaribia 6,000, hadi kontroli boksi inakata petroli kwa mshtuko. Likitokea, tundu la wesigeti linapanuliwa kwa grainda ndogo kabla turbo haijafungwa, si baada. Kama bomba lako la kupanda kwenye turbo lina katalisti ndani, litoe. Kipande kikivunjika humo kinaingia moja kwa moja kwenye turbaini.

Kontroli boksi lazima ipangwe upya, na hili ndilo watu hulikwepa kwa sababu halionekani kwa macho. Nozeli za 550 kwenye programu ya nozeli ndogo zitamwaga petroli mpaka injini izimike ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Fundi wa kupanga awe na kipimo cha mchanganyiko cha wigo mpana kwenye ekzosi, asipange kwa kusikiliza na kunusa. Kwenye busti kamili mchanganyiko ukae kati ya 11.0 na 11.5. Akikuambia gari la Japani halihitaji kupangwa kwa petroli yetu, tafuta mwingine. Gari hilo lilipangwa kwa petroli yao ya oktani kubwa, na taimingi yake ya kiwandani tayari iko mbele kwa hii tunayojaza hapa.

Kuhusu vumbi, tunasisitiza. Mtu akifunga turbo mpya hupenda kuweka filta ya koni iliyo wazi kwa ajili ya ule mlio. Barabara za Oljoro na za ndani Monduli zitakulia mapanga ya kompresa ndani ya msimu mmoja, na joto la injini linaingia humohumo. Bakiza boksi la filta la kiwandani, weka kartiriji mpya ya karatasi, na uhakikishe mfuniko wake umebana pande zote. Farasi tatu utakazopoteza hazifiki bei ya turbo.

Siku ya kufunga, jaza oili safi kwenye tundu la kuingizia la turbo, izungushe kwa mkono, kisha chomoa soketi za nozeli na upige staa kwa sekunde kumi mara tatu mpaka oili itoke kwenye bomba la kurudi. Ndipo uwashe, na uiache silensa dakika tano bila kukanyaga. Kama bolti ya banjo inayopeleka oili kwenye turbo ina kichujio cha wavu ndani, kisafishe au ubadilishe. Kikiziba, turbo mpya inakufa kwa kifo kilekile cha ile ya zamani. Oili iwe sintetiki kamili ya 5W-40, na ibadilishwe kila kilomita 4,000. Gasketi na washa za shaba ziwe mpya zote.

Gia boksi ya gia tano ya Subaru haipendi kurushwa kwa klachi. Nguvu hizi itazibeba ukiwa umeshaondoka. Ukizoea kuachia klachi kwa kishindo kwenye 5,000, meno ya gia yatang'oka.

La mwisho ni hilo la kushuka Moshi. Kama busti yako inashikiliwa na springi ya wesigeti au kontrola ya mkono, ile 1.15 uliyopangiwa Arusha itabaki 1.15 hata ukiwa Dar, lakini presha kamili itakuwa imepanda kutoka 2.01 hadi 2.16, asilimia 7 zaidi ya hewa ndani ya silinda, tena kwenye joto la Same au Korogwe. Hapo ndipo injini iliyokuwa salama Sakina inaanza kugonga. Mwambie fundi akupangie taimingi kwa presha ya 2.16, si 2.01, na jaribio la kwanza mlifanye mkiwa mmeshuka upande wa Boma Ng'ombe, gia ya tatu, kutoka 2,500 mpaka 6,500, mtu wa pili akisoma kompyuta. Kama kontrola ni ya mkono, Moshi irudishe iwe 1.1 na kwa safari ya Dar iwe 1.0. Farasi zitabaki zilezile.